Gari Lililotembea Kidogo

Palikuwa na Digidigi mwenye wasiwasi, asiyenunua hata chumvi bila kuionja. Alipotaka gari la kifahari la Mzee Kobe, lenye mbio za kutisha, alikagua mpaka nati za magurudumu.

"Limetembea kidogo sana, mwanangu," Kobe alimwambia.

Digidigi akasoma kilomita, akaona kweli ni chache, akalinunua.

Siku ya kumpelekea dada yake shela ya harusi, gari lilimzimikia njiani likitoa moshi. Alipokuwa anafunua boneti, Kobe akapita kwa miguu, naye akienda harusini.

"Mzee, si uliniambia limetembea kidogo?"

"Sikukudanganya," Kobe akajibu bila kusimama. "Miaka yote lilishinda gereji. Aliyetembea ni mimi."