Kikombe cha Msafiri

"Mkono! Ondoa mkono hapo!"

Mgeni aliurudisha mkono upesi. Kikombe chenyewe hakikuwa na la ajabu: cha buluu, kishikio kimemeguka. Kilikuwa kimefunikwa kifudifudi juu ya kisahani, mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu.

"Samahani, mama. Ni cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Amesafiri."

Mara ya nne hiyo tangu asubuhi. Mama mshonaji akarudi kwenye cherehani, akaanza upya mshono aliokwisha kuufumua mara mbili. Leo hakukaliki. Akikaa anasimama, akisimama anachungulia dirishani. Saa ya ukutani ingemwambia muda, lakini mgeni alikuwa ameifungua tena, na skrubu zote kazipanga kwenye sahani.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa anamaliza mwaka wa tatu, na jembe ukimpa atalitoa mpini aone limeshikwa na nini.

Simu ikalia. Alikuwa binti yake.

"Mama, saa tisa niko hapo na gari. Umeshamfungia nguo?"

"Namalizia kifungo cha shati."

"Mama!"

"Nimesema namalizia!"

"Maji yamezidi unga, mama. Juzi kaacha gesi wazi, jana umemtafuta mtaa mzima. Chumba kimepatikana kwa wale watunzaji, na ni watu wema. Na hicho kikombe ukitoe mezani leo. Miaka mitatu! Unajiumiza bure."

"Kikombe hakitoki, ng'o!" Akakata simu.

Desturi ya kikombe haikuwa ya kwao; aliolewa nayo. Huko kwao mumewe, ng'ambo ya mpaka, kila mtu wa nyumba ana kikombe chake, na akisafiri hufunikwa mahali pake mezani. Mke hakifunui, mtoto hakifunui. Mwenyewe akirudi hukifunua kwa mkono wake, na hapo ndipo watu husema kweli amefika. Ukikiondoa kabla, umemwambia msafiri asirudi. Binti aliyaona hayo upuuzi mtupu. Mama naye zamani aliyaona hivyo, mpaka ilipofika zamu yake ya kungoja.

Tena desturi za pande hizo mbili ziligombana tangu siku ya kwanza. Mumewe, wakati huo kijana, alipokuja kumwona nyumbani kwao, yeye bado msichana mwenye haya, alimjazia chai pomoni, maana kwao nusu kikombe ni uchoyo. Kijana akakitazama. Akasimama, akanywa yote wima, akashukuru, akatoka. Lo! Kumbe kwao mgeni humiminiwa nusu, akaongezwa, akaongezwa tena. Ukimjazia hadi juu, unamwambia kwa adabu: ukimaliza, njia ile pale. Ilibidi kaka yake msichana atoke mbio pekupeku mpaka darajani kumrudisha. Walicheka miaka thelathini. Hata wakikosana, mke alikuwa akisema, "Ningejua, siku ile ningekujazia ndoo."

Na kwa kuwa mgeni alitoka nchi ileile, miaka yote mitatu mama alimmiminia nusu.

Alimaliza kifungo, akakata uzi kwa meno.

"Vaa."

"La nani?"

"Lako."

Mgeni akalivaa, akajipapasa kifuani. "Zuri. Aliyelishona ana mkono." Kisha macho yakarudi mezani. "Huyu mwenye kikombe, alikuaga?"

"Hakuniaga!" Hasira ilimpanda ghafla, hasira ya miaka mitatu. "Asubuhi moja nilimwekea chai, akanishukuru kwa adabu, na tangu siku hiyo sijamwona."

"Mtu mbaya huyo."

"Koma! Usimseme vibaya mume wangu ndani ya nyumba yake!"

Mgeni akakoma. Akatazama vidole vyake, na mama akajuta. Kosa lake nini, maskini? Alikuwa mpole, aliomba radhi kila siku kwa usumbufu, na aliinuka kila mama alipoingia. Lakini nguvu zilikuwa zimekwisha. Mtu mmoja hawezi kulinda gesi, mlango na cherehani kwa macho mawili.

Honi ikalia nje.

Mkoba wa nguo ulikuwa tayari mlangoni, na kilichobaki ni kumwambia aende. Mara mbili alijaribu, mara mbili neno likakwama. Basi akaamua kumwambia kwa desturi ya kwao mgeni mwenyewe.

Alichukua birika, akamimina kwenye kikombe cha mgeni. Chai ikafika nusu, ikapita nusu, ikafika ukingoni, ikamwagikia kisahani. Alijiona mtu katili kuliko wote duniani.

Mgeni alikitazama kikombe kile muda mrefu. Kisha akasimama.

Mama akafumba macho asimwone akinywa wima. Alisikia mlango wa gari ukifungwa, hatua za binti yake barazani, hodi. Halafu akasikia kiti kikivutwa, na mlio mdogo wa kikombe juu ya kisahani.

Alifumbua macho. Ile chai ilikuwa imesogezwa kando, haijaguswa. Kiti kisichokaliwa kilikuwa kimekaliwa, na kikombe cha buluu kilikuwa kimefunuliwa.

"Nusu tu, mke wangu," mgeni akasema, akimsogezea kikombe. "Siku ile ulinijazia nikaondoka, kaka yako akanikimbilia pekupeku mpaka darajani. Leo siendi."