Msalaba wa Mwenyekiti

Jumatano ya Majivu fundi seremala alipiga magoti kwenye kiti cha maungamo, akaungama dhambi za Mwenyekiti, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

"Hizo ni za mwenzako," padri alisema kutoka upande wa pili wa wavu. "Zako ziko wapi?"

"Zangu hazina pa kukaa, Padri. Hizi zimejaa nyumba nzima."

Padri alizijua. Parokia nzima ilizijua. Ufunguo wa kabati la dawa la zahanati ya parokia alikuwa nao Mwenyekiti wa kamati, na hakumwamini mtu mwingine kuushika. Siku mke wa fundi alipozidiwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa harusini, meza ya mbele. Wakubwa huwa hawakosei. Huwa wamechelewa tu. Kwenye mazishi alitoa hotuba ndefu, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Tangu hapo fundi hakusali tena. Alikaa kanisani kama mtu anayesubiri mvua ikatike aende zake.

"Malipizi yako ni haya," padri alisema. "Kwaresima yote, kila siku, umwombee mtu huyo. Umwombee mema."

"Mema gani, Padri?"

"Utayaona mwenyewe."

Wiki hiyohiyo Mwenyekiti akaja karakanani. Ijumaa Kuu waumini wangepanda kilima kwa Njia ya Msalaba, na kamati, chini ya uenyekiti wake, ilikuwa imemchagua yeye awe Yesu.

"Nataka msalaba mkubwa, fundi. Uonekane mzito hata kwa mtu aliye nyuma kabisa." Akashusha sauti. "Lakini uwe mwepesi. Mbao laini, ndani uwe mtupu, juu unapiga rangi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee. Kama uongozi."

"Eeh, hapo sasa!" Mwenyekiti akacheka, asijue anachekea nini.

Alipoondoka, fundi alizunguka nyuma ya karakana. Kulikuwa na gogo la mti mgumu lililolala kwenye tope msimu mzima wa mvua, limekunywa maji likashiba. Mafundi wenzake walilikataa kwa sababu lilikula misumeno. Fundi akaliangalia, akayaona mema ya kumwombea Mwenyekiti.

"Ee Mungu," alisema, na hiyo ndiyo sala yake ya kwanza tangu afiwe, "mpe Mwenyekiti nguvu."

Aliisali kila siku, msumeno mkononi. Mpe afya. Mpe mgongo imara. Mabega yake yasimwangushe njiani, afike na msalaba mpaka juu. Mungu hakumjibu, ila hakumkatiza pia, na fundi hakuzoea kusikilizwa na mkubwa yeyote bila kukatizwa. Akaanza kuongeza maneno. Akamsimulia habari za mkewe, jinsi alivyokoroma na asubuhi akakana, jinsi alivyouliza siku ile kama ufunguo umekuja, kisha akauliza tena. Kuna siku alisahau kabisa kukata mbao, akabaki anaongea tu, kichwa kimeegemea gogo.

Dada yake mkubwa, aliyemletea chakula cha jioni, alisimama mlangoni akamsikia.

"Mdogo wangu! Unamwombea yule?"

"Namwombea."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo wote, dada. Akiugua kabla ya Ijumaa Kuu nitasikitika sana."

Dada mtu akajifuta machozi. Jumapili iliyofuata parokia nzima ilishajua kwamba fundi amesamehe. Padri akamtaja kwenye mahubiri. Baada ya misa Mwenyekiti akampa mkono mbele ya watu.

"Yaliyopita si ndwele, fundi."

"Tugange yajayo, mzee."

Ijumaa Kuu fundi aliuleta msalaba kwa mkokoteni, mapema, akauegemeza ukutani mwa kanisa. Ulionekana mzito. Hilo agizo alikuwa amelitimiza.

Mwenyekiti, ndani ya kanzu nyeupe, aliweka bega akauinua. Uso ukambadilika. Akamtafuta fundi kwa macho. Fundi alikuwa mstari wa mbele, rozari mkononi, midomo inatembea. Mpe nguvu. Mpe nguvu.

Kituo cha tatu, Yesu anaanguka mara ya kwanza, Mwenyekiti alianguka kabla katekista hajamaliza kusoma. Watu walilia. Hawakuwahi kuona mtu akiigiza vile. Akainuka. Kufika kituo cha nne alikuwa anapumua kama msumeno butu, na kifuani mwa fundi kitu kilichokwama tangu siku ya mazishi kikasogea kidogo. Na kilima ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza.

Kituo cha tano katekista akasoma: askari wakamkamata Simoni, mtu aliyekuwa akipita njia, wakamtwika msalaba. Akaangaza huku na huku. Simoni hakuwapo. Kamati haikumchagua, maana Mwenyekiti hakutaka mtu wa kugawana naye sifa.

"Fundi," Mwenyekiti alisema kutoka chini, alipokuwa ameanguka tena. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kugawa kazi. "Mchukueni fundi. Amenisamehe, na ana mabega."

Watu wakapiga makofi. Padri akaitikia kwa kichwa, macho yamemjaa machozi. Askari wakamtwika.

Msalaba ukamkaa begani kama ulivyotengenezwa. Mwenyekiti akakung'uta kanzu yake, akatangulia mikono mitupu. Nguvu zilikuwa zimemrudia. Kituo cha sita Veronika akajitokeza kwenye umati na kitambaa chake cheupe. Mwaka huo Veronika alikuwa dada yake fundi. Alimpita mdogo wake pale alipoinama, macho mbele, kwa ibada, akaenda kumfuta jasho Mwenyekiti.