Haradali ya Marehemu

Somoe alimwaga mavuno kwenye ungo, akaduwaa. Haradali aliyoachiwa na mama yake ilikuwa nyeusi miaka yote. Hii ilikuwa ya manjano.

"Umebadilisha mbegu ya marehemu," shangazi alisema.

"Wallahi sijabadilisha. Labda ni hili joto la mwaka huu."

"Joto lipake mbegu rangi?"

Somoe alifungua fundo la kanga ya mama yake, zilimobaki punje chache nyeusi.

"Fumba macho, shangazi. Tafuna."

Akamlisha nyeusi, kisha ya manjano. Ukali wa hiyo ya pili ulimpanda shangazi puani, machozi yakamtoka.

"Ya pili ndiyo ya mama yako," alisema.

Somoe alibaki ameshika punje za manjano juu ya lile fundo, asijue azichanganye na zile nyeusi au alifunge.