Kuongea na Mbao

"Leo naung'oa mlango huu!" Bi Sikudhani alifoka, bisibisi mkononi. "Nimechoka kuongea na mbao!"

Tangu shule zifungwe, mwanawe Hamadi alikuwa hatoki chumbani. Usiku simu, mchana usingizi. Chai aliyowekewa mlangoni ilipoa mpaka ikafanya utando. Akigongewa hujibu "nakuja", na haji. Majirani walisema uvivu tu huo, mnyang'anye simu. Alishamnyang'anya, na kimya ndiyo kwanza kikazidi.

Skrubu ya mwisho ilipochomoka, mlango wa mninga ukamwelemea. "Yarabi!" Kabla haujamwangukia, mikono miwili iliudaka kwa upande wa ndani.

Hamadi alikuwa macho, na macho yenyewe mekundu, mashavu yamebonyea.

"Kumbe hujalala?"

"Silali, mama. Hata mchana. Nautafuta usingizi, hauji. Niliona aibu kukwambia."

Maneno yote makali aliyokuwa ameyaandaa Bi Sikudhani yalimwishia mdomoni.

"Tuuweke wapi?" Hamadi aliuliza.

Ukuta wa kuuegemeza ulikuwa pale pale kando yao.

"Nje!" alisema mama kwa ukali ule ule, maana hakuwa na sauti nyingine iliyo tayari.

Wakautoa uani, mmoja mbele, mmoja nyuma. Hamadi alifinya macho kwa jua.

"Hapa?"

"Pana tope hapo. Twende mbele."

Wakaupita ukuta wa ua, wakalipita banda la kuku, wakarudi walikotokea.

"Basi hapa, mama?"

"Hapana. Zunguka tena, mpaka uchoke ulale."