Rafu ya Wazima

Chupa moja ya damu kwenye rafu ya wazima ilikuwa na ugonjwa.

Daktari Magesa, aliyeletwa Musoma mwezi uliopita kuongoza utafiti wa kichocho, hakuamini. Akarudia kipimo. Kwanza aliondoa zile protini zilizojaa tele kwenye majimaji ya damu, maana ndizo huzificha zile chache zenye habari. Habari ikawa ileile: ini la mwenye chupa hiyo, namba kumi na saba, lilikuwa linaharibika.

"Mama Jeska," alimwita mtaalamu wake wa maabara, kama kila mtu pale alivyomwita, "una uhakika huyu ni mzima?"

"Mzima, daktari. Nilimtoa damu mwenyewe. Nawakumbukaga wote."

Hakuwa na sababu ya kumshuku. Umeme ulipokatika, na miaka hiyo ya mgao ulikatika bila haya, Mama Jeska ndiye aliyekimbilia kiwanda cha samaki kuomba barafu ya sangara. Namba kumi na saba aliizika kwenye barafu kabla ya zote. Tena alikuwa na moyo mwepesi. Mgonjwa akifa, ndugu hawakutaka damu yake ibaki kwenye friji ya serikali, kwa hiyo ilimwagwa; za wazima ndizo zilizotunzwa miaka na miaka. Siku ya kumwaga, Mama Jeska alitoka nje, akawaachia wenzake.

Kilichomuuma Magesa ni kwamba dawa ilikuwepo. Mtu yuko mahali anapalilia mihogo yake, anacheka na majirani, hajui lolote.

"Tumfuate leo," alisema. "Bado tunaweza kumwokoa."

Mama Jeska alivua koti jeupe, akalikunja taratibu, akasema huyo ni mtu wa kijiji cha Nyegina.

Njia nzima Magesa, mkoba wa dawa mapajani, alitafuta maneno ya kumwambia mgonjwa bila kumtisha. Walipofika, Mama Jeska hakubisha hodi. Alipita kando ya nyumba hadi nyuma, akapiga magoti, akafuta vumbi kwa kiganja kwenye msalaba wa mbao ulioandikwa Jeska.

"Ndiye huyu, daktari," alisema. "Usimmwage."