Mwezi Usio na Jina

Mzee alirudi kutoka msalani akishika ukuta. Muuguzi wa zamu alimsihi apumzike, asije akaanguka kwenye korido hizi ndefu. Akaitikia ili yaishe. Uchovu aliokuwa nao haukuwa wa kupumzikia.

Chumbani, binti yake alikuwa na kompyuta magotini na macho mekundu. Wiki nzima hakutia mguu nyumbani. Kazi yake ni kuchambua picha za anga, na mwaka huu bahati ilimwangukia: pembeni mwa sayari moja kubwa kupita kiasi aliona nukta inayohama. Ilikuwa mwezi, tena mdogo, wa mbali kabisa, unaoizunguka sayari yake kinyumenyume huku miezi mingine ikienda upande wa pili.

"Mbishi kama wewe," alimwambia baba yake siku ile, na akaapa kuupa jina lake.

Tatizo lilikuwa kamati ya majina. Jina la mtu aliye hai hawalipokei, hata umlilie nani.

"Wamepiga tena," binti alisema. "Wanataka jina wiki hii."

Mzee alimshauri atoe lingine lolote, majina si haba. Binti akakataa katakata. Ama la baba yake, ama mwezi ubaki hivyo hivyo.

"Basi vuta subira, mama," Mzee akasema. "Si unaniona nilivyo? Sitakuchelewesha."

Binti alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Mzee naye alicheka kidogo, ingawa moyoni hakuwa na utani. Mke alikwisha kutangulia, miguu ilikuwa imegoma, na kila alfajiri alimwomba Mungu amchukue, tena upesi. Hilo hakumwambia mtu.

Jioni daktari aliingia na kuanza kuzunguka mbuyu. Mzee akamkatiza, akaomba aambiwe ukweli wote, mbele ya mwanawe, bila kufichwafichwa.

"Ni siku chache, Mzee wangu," daktari akasema. "Tumefika mwisho wa uwezo wetu."

Mzee alishukuru kwa adabu, kisha akaanza kulia. Binti akafunga kompyuta, akamshika mkono na kumbembeleza kama mtoto, akimwambia asiogope, hakuna maumivu, kila kitu kitakwenda taratibu. Walikaa hivyo mpaka chai ya hospitali ikapoa mezani.

Alhamisi iliyofuata nyumba yao ilijaa waombolezaji, na viti havikutosha. Katikati ya minong'ono simu ya binti ikaita. Ilikuwa kamati: wamechoka kungoja, jina limepatikana au wawaachie wengine waupe jina?

"Limepatikana," Mzee akajibu, na akawatajia jina la binti yake, waliyemzika asubuhi ile.