Reli Isiyo na Risiti

“Hiyo bunduki weka chini!”

Mwalimu Callistus alishusha begani ule upau mrefu, akaulaza taratibu juu ya meza ya kizuizi cha mpakani Malaba, penye daraja la kuingia Uganda. Ulikuwa mweupe, mwembamba, mrefu kumpita mwenyewe, wenye mfereji uliopita katikati toka mwanzo hadi mwisho.

“Si bunduki, mzee. Ni reli ya kurushia roketi.”

Askari wawili waliokuwa wakila karanga waliacha kutafuna. Barnabas, mkuu wa kizuizi, aliuvuta mkanda juu ya tumbo. Kwa miaka minane hakuna kitu kilichovuka daraja lile bila ruhusa yake. Hata kuku walipita wamehesabiwa. Mwezi uliopita aliwarudisha Uganda ng’ombe sita wa mahari, walioletwa kumposa binti yake mwenyewe, Alaso, kwa kuwa hawakuwa na cheti cha daktari wa mifugo. Wazee walimsihi mpaka wakachoka. Yeye akawaambia sheria haina mkwe.

Tangu siku hiyo Alaso alimwamkia baba yake na kunyamaza. Barnabas ilimuuma moyoni, lakini mkubwa hakosei, basi akakazia palepale: aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba msichana hatavuka kwenda kwa yule kijana wa Tororo mpaka yeye, baba mtu, atamke ruhusa kwa mdomo wake. Ruhusa ya Barnabas ilikuwa na sifa yake pale Malaba. Kuna mzee aliyeisubiri mpaka ndizi zake zikaiva kizuizini.

“Roketi gani?” aliuliza sasa.

“Ya karatasi tu. Wanafunzi kule Tororo wamesikia kwa redio ati watu wametembea mwezini, wanakataa. Nataka niwaonyeshe kidogo.”

“Na hii reli umenunua wapi?”

“Sijanunua, mzee. Ile ya kiwandani inatoka ng’ambo, bei yake ni ng’ombe mzima. Hii nimepewa na rafiki.”

“Risiti iko wapi?”

“Mzee, mtu akikupa kitu anakupa na risiti?”

Barnabas alifungua kitabu cha ushuru. Reli aliiona, lakini ile ya treni, inayotozwa kwa tani. Akainyanyua ya mwalimu kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi, tena kama aliwahi kuiona mahali. Roketi hakuikuta kabisa, si chini ya silaha, si chini ya vitu vya kuchezea.

Callistus alitoa roketi yenyewe kwenye sanduku: bomba la karatasi ngumu, pua ya mti, na ubavuni vifungo viwili vya koti vilivyopakwa rangi nyeusi. Akavipenyeza vifungo ndani ya mfereji, roketi ikateleza juu na chini.

“Bila reli itaenda popote inapotaka,” alieleza. “Ikishikwa hapa, lazima iende moja kwa moja.”

Maneno hayo yalimkuna Barnabas. Kitu kinacholazimishwa kwenda moja kwa moja alikiona cha kiserikali kabisa. Alitaka kufunga koti lake ili aseme kikubwa, akakumbuka kuwa lina vifungo viwili pungufu tangu Jumapili. Mkewe, Apolot, alisema ni panya.

“Siwezi kupitisha kitu ambacho sijui kazi yake,” alitangaza. “Rusha hapa hapa, nione.”

“Hapa, mzee? Mbele ya watu?”

“Ndiyo! Ama una kitu unaficha?”

Mwalimu alikuna kichwa, alihema, alionekana mtu aliyeshindwa. Hata hivyo kiberiti kilikuwa tayari mkononi.

Reli ikasimamishwa kwenye debe la mchanga. Wachuuzi wakaacha ndizi zao, madereva wakashuka kwenye malori, askari wakaacha kamba ya kizuizi. Callistus akauliza nani atahesabu.

“Hapa anayehesabu ni mimi,” alisema Barnabas, akainua uso. “Kumi! Tisa! Nane!”

Mwalimu alipiga kiberiti. Utambi ukaanza kufoka.

“Baba, naomba ruhusa nivuke.”

Sauti ilikuwa ya kike, nyuma ya mgongo wake. Barnabas hakugeuka. Kila mwanamke mwenye mzigo alimwita baba akifika kizuizini, hasa mwenye kahawa ya magendo chini ya ndizi.

“Saba! Sita!”

“Baba, ruhusa tafadhali.”

“Pita, mama, pita! Pita huko, usinivurugie hesabu! Nimefika wapi? Tano!”

Roketi haikungoja sifuri. Iliruka kwa mluzi, ikanyooka kama mwalimu alivyoahidi, ikawa kidoa, ikapotea. Malaba nzima ilibaki midomo wazi. Barnabas alipiga makofi kuliko wote, akamgongea Callistus muhuri, akaiandikia reli: *Si hatari.*

Mchana alikwenda nyumbani na njaa ya mtu aliyefanya kazi kubwa. Aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, na jua likampiga machoni. Alitazama dirishani. Pazia halikuwepo, wala reli ya pazia. Ukutani yalibaki matundu ya skurubu tu.

“Alaso yuko wapi?” aliuliza, ameshasimama.

Apolot aliweka sahani ya ugali wa wimbi mezani.

“Amevuka.”

“Bila ruhusa yangu?”

“Umemwambia pita mara tatu, baba Alaso. Mimi na dada zako wawili tulikuwa nyuma yake, tumesikia.”